Fundi wa sola aliyeniambia pasi haiwezekani

Ninashona nguo. Nyumba yangu iko upande wa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, na nguzo za umeme za TANESCO zimeishia mbali na kwetu. Haya nayaandika kwa mtu mwenye hali kama yangu: amekusanya pesa kidogo kidogo, anataka taa, friji, na kazi yake ya mikono isisimame giza likiingia, lakini kila anayemuuliza habari za sola anamjibu "usijali mama, vyote vitawaka." Fundi niliyempa kazi nampa alama za juu, na sababu ya kwanza ni kwamba yeye peke yake ndiye aliyenikatalia kitu nilichokitaka.

Kitu chenyewe ni pasi. Kwa mshonaji pasi si urembo. Suruali usipoilaza mishono kwa pasi, hata ungeshona kwa ustadi wa namna gani, mteja akiivaa inakuwa kama imeshonwa na anayejifunza. Kwa hiyo kila niliyemwendea nilimtajia orodha ile ile: taa, televisheni, friji ndogo, cherehani yenye mota, simu, na pasi ya umeme.

Muuzaji wa duka moja la mjini hakuniuliza hata swali moja. Alichukua karatasi, akaandika bei ya seti nzima, akasema pasi nayo imo. Fundi wa pili, niliyeletewa na jirani, alisema hivyo hivyo kwa bei ya chini zaidi. Wa tatu, kijana wa Isevya, aliomba kwanza aione hiyo pasi. Akaigeuza, akasoma maandishi: wati 1,200. Akaniuliza kwa siku napiga pasi muda gani. Nikamwambia ukijumlisha inaweza kufika saa mbili, na msimu wa sare za shule zaidi ya hapo. Akasema, "Mama, hii pasi peke yake, hata ukihesabu kwamba inajizima na kujiwasha, itakula karibu uniti mbili kwa siku. Vitu vyako vingine vyote kwa pamoja ni kama uniti mbili. Nikikufungia sola ya kubeba pasi, gharama inakwenda karibu mara mbili. Mimi nakushauri ubaki na ya mkaa."

Uniti anayoisema ni ile ile ya LUKU, mita ya kulipia umeme kabla, yaani wati 1,000 zikitumika saa moja, au wati-saa 1,000. Aliposema hivyo nikaelewa mara moja, kwa sababu nimewahi kupanga mjini, mtaa wa Ng'ambo, kwenye nyumba yenye luku na najua uniti mbili zinavyokwisha. Wale wawili wa kwanza walinitajia wati, ampia na volti bila kuniambia hata kimoja kwa lugha ya matumizi yangu.

Tulikaa barazani, akachukua daftari langu la oda, akapiga hesabu mbele ya macho yangu. Taa saba za LED za wati 9, saa tano kila jioni, ni kama wati-saa 315. Televisheni ya inchi 32 na king'amuzi chake, saa tano, 325. Cherehani, mota ya wati 150, saa tatu za kushona mfululizo, 450. Simu na redio, 60. Friji aliitaka namba iliyo nyuma yake, akasema kwa joto la hapa tuiwekee uniti moja nzima kwa siku. Jumla 2,150. Kisha akaligawa hilo kwa saa tano za jua kali, akaongeza kinachopotea njiani kwenye nyaya, joto na inveta (chombo cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), akapata kwamba zisipungue wati 570 juu ya bati. Akapendekeza paneli mbili za wati 400, ili siku za mawingu ya mwezi wa kwanza friji isife.

Ukurasa ule bado ninao. Fundi akija kwako akakupa bei kabla hajaandika kitu cha namna hiyo, mimi nasema mwache aende.

Lakini kilichonifanya nimpe kazi kabisa ni mwembe. Sisi watu wa Tabora tumezaliwa chini ya miembe, na wa kwetu alioupanda baba mkwe umesimama kaskazini-magharibi ya nyumba kubwa. Yule fundi wa pili alikuja saa tatu asubuhi, akaangalia paa la nyumba kubwa lote linawaka jua, akasema paneli zitakaa hapo. Kijana wa Isevya naye alikuja asubuhi, akatazama paa, akautazama mwembe, akasema atarudi alasiri. Akarudi kweli, mwendo wa saa tisa, na kivuli cha matawi kilikuwa kimeshafunika nusu ya paa lile.

Alinieleza hivi. Ndani ya paneli kuna seli nyingi zimeungwa moja baada ya nyingine, umeme unaopita kwenye moja ndio huo huo unaopita kwenye zinazofuata. Tawi likitupa kivuli kwenye kona ndogo tu ya paneli, hasara haiwi ya kona hiyo peke yake. Sehemu kubwa ya paneli inazimika. Na paneli mbili zikiungwa kwa mstari, ya pili nayo inaumia. Kwa hiyo ama matawi yakatwe, ama paneli zihamie pengine. Mama mkwe alikuwa amekaa anasikiliza. Kijana alimpigia shikamoo upya kabisa, akamwuliza, "Bibi, mti huu unaguswa?" Bibi akasema hauguswi hata jani. Basi, kijana hakubishana. Alizunguka, akaangalia jiko la nje, akalikataa kwa sababu ya moshi wa kuni unaoacha masizi kwenye kioo, mwisho akachagua paa la chumba changu cha kushonea, ambacho kimejengwa peke yake upande wa mbele na bati lake linashuka kwa mteremko mdogo kuelekea kaskazini.

Huo uelekeo nao una sababu yake. Tabora iko kama digrii 5 kusini ya ikweta. Kuanzia mwezi wa tatu hadi mwanzo wa mwezi wa kumi, jua la saa sita linapita upande wetu wa kaskazini; miezi iliyobaki linapita kusini. Kwa hiyo paneli zinaelekezwa kaskazini, lakini zinalazwa, digrii 10 au 15 tu, kiasi cha mvua kuweza kuteremka na vumbi. Ukiona fundi anakusimamishia paneli kama ubao wa matangazo, hajui yuko wapi duniani.

Alipanda juu kabla ya kununua chochote. Akagundua papi moja, ubao unaoshikilia bati, imeliwa na mchwa, akaniambia nimwite seremala aibadilishe kwanza, kwa sababu vishikio vya paneli vinafungwa kwenye mbao, si kwenye bati tupu. Upepo wa mvua za kwanza ukiingia chini ya paneli iliyoshikwa na bati peke yake, unaondoka na vyote viwili.

Sasa nije kwenye kununua, mahali ambapo watu wanapigwa zaidi. Kijana alinipa orodha, kila kitu mstari wake na bei yake, ufundi wake umeandikwa peke yake. Akasema twende pamoja dukani, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iandikwe jina langu, na karatasi za gerenti nizishike mimi. Hilo nalisisitiza sana. Gerenti ikiwa na jina la fundi, siku akihamia Kahama au Mwanza umebaki na chuma ukutani.

Kwenye duka la kwanza tulioneshwa paneli imebandikwa karatasi ya wati 300, bei nzuri mno. Kijana hakusema neno, aliniomba futi yangu ya kupimia nguo, maana sitoki bila hiyo mkobani. Tukapima: mita moja kwa sentimita 67. Akanifundisha hesabu ambayo kila mtu anaweza kuifanya. Jua kali la mchana linaleta kama wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Paneli nzuri ya siku hizi inageuza kuwa umeme kama sehemu moja ya tano, yaani wati 200 kwa mita ya mraba, nzuri sana zinazidi hapo kidogo. Ile ya dukani ilikuwa na theluthi mbili za mita ya mraba. Haiwezi kutoa 300 hata jua likishuka likakaa juu ya bati. Ni ya 130, labda 140. Paneli za wati 400 tulizonunua kwenye duka la pili zina urefu wa mita 1.72 na upana wa mita 1.13, piga hesabu uone. Tangu siku hiyo majirani wawili wamekuja kuniazima futi kabla ya kwenda mjini, na nafurahi kila wanapokuja.

Kwenye betri alinipa njia mbili, akaniachia nichague. Ya kwanza, betri mbili za jeli za volti 12, ampia-saa 200. Kwa maandishi zinabeba wati-saa 4,800, ila ukitaka zidumu usizitumie kupita nusu, kwa hiyo mkononi una 2,400. Ni nzito, moja inafika kilo 60 hivi, na akasema ukiona betri ya ampia-saa 200 unaibeba kwa mkono mmoja, ujue ndani hamna madini ya risasi ya kutosha. Njia ya pili, lithiamu moja ya volti 25.6, ampia-saa 100: wati-saa 2,560, na hiyo unaweza kuishusha hadi karibu na mwisho bila kuiua, tena inachajishwa na kutumika mara elfu kadhaa. Bei ya kuanzia ni kubwa zaidi. Nilichukua lithiamu, kwa sababu cherehani nalitumia mchana jua likiwepo, na usiku nikijumlisha friji, taa na televisheni haifiki wati-saa 1,300. Mwenye matumizi ya taa na redio tu nadhani jeli inamtosha, mradi asiikaushe.

Inveta sina mengi ya kusema. Iwe ya kutoa umeme laini kama wa TANESCO. Zile za bei ndogo zinatoa umeme wa ngazi ngazi. Taa zitawaka, lakini mota ya friji na ya cherehani zinanguruma na kupata moto. Na iwe na nguvu ya ziada, kwa kuwa friji ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya wati zake kwa muda mfupi ule wa kuanza.

Jambo dogo ambalo wengine wangelipita: fundi yule wa pili alitaka inveta na betri vikae chumba cha kushonea, karibu na paneli. Wa Isevya alipitisha kidole juu ya meza yangu, akanionesha manyoya ya vitambaa. Inveta ina feni inayovuta hewa. Vumbi la nguo lingeingia ndani na kuganda, na inveta inayoshindwa kupoa haina maisha. Akaviweka koridoni kwenye nyumba kubwa, mahali pa baridi. Si juu ya dari, ambako mwezi wa kumi joto la bati halikaliki. Maana yake waya ukawa mrefu zaidi, na hapo akaziunga paneli kwa mstari ili volti zipande na ampia zibaki chache, akatumia waya wa milimita 6 za mraba. Waya alioonyeshwa dukani kwanza aliukwangua kwa kisu: juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa. Akaurudisha.

Breka, zile swichi zinazokata umeme hitilafu ikitokea, nazo zina habari. Fundi wa pili alikuwa amenitajia breka za kawaida za nyumbani kwenye upande wa paneli. Umeme wa nyumbani unageuka uelekeo mara nyingi kwa sekunde, cheche ikitokea breka inapofunguka inazimika yenyewe. Wa paneli unakwenda upande mmoja tu, cheche yake inaendelea kuwaka. Breka isiyo ya DC, yaani ya umeme huo wa upande mmoja, inaweza kuyeyuka ikageuka moto wenyewe. Nikikumbuka vitambaa vya watu vinavyolala kwenye kile chumba, nashukuru nilimwuliza kila mmoja swali hilo.

Ethi, ya kupeleka umeme wa hitilafu ardhini, aliichimbia nyuma ya nyumba, fimbo ya shaba imezama yote, na akafunga vizuizi vya radi pande zote mbili za inveta. Mvua za hapa zinakuja na radi za kutisha. Aliniambia wazi kwamba radi ikipiga paa lenyewe hakuna kifaa cha kuizuia. Hivi ni vya kupunguza ile inayopiga karibu na kuingia kwa njia ya waya. Nilimwamini zaidi kwa sababu hakuniahidi muujiza.

Leseni niliiomba. Kazi ya kufunga umeme nchini mwetu inatolewa leseni na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na yake alikuwa nayo, na cheti cha ufundi cha VETA juu yake. Yule fundi wa pili nilipomwuliza alisema, "Leseni ya nini mama, kazi si utaiona?" Kazi ya umeme mbaya huioni. Iko nyuma ya dari.

Vifaa na ufundi vyote vilinigharimu milioni tatu na laki tatu. Seti ya yule muuzaji wa kwanza, aliyesema pasi nayo imo, ilikuwa milioni mbili na laki nne. Tofauti ni kubwa, siifichi, na ilinibidi niahirishe kupaka rangi nyumba. Ufundi nilimlipa nusu siku alipowasha, nusu nyingine tulikubaliana kwa maandishi ailipwe baada ya mwezi mzima wa kutumia. Hakununa. Fundi anayenuna kwa sharti hilo ana sababu zake.

Kasoro zake ninazo pia. Aliahidi Jumatano akaja Ijumaa, bila kupiga simu, na mimi nilikuwa nimefunga kazi kumsubiri. Nyaya za sebuleni alizipitisha ukutani bila kuzifunika, mpaka niliposema ndipo akaleta vifuniko vya plastiki. Na kubwa zaidi, mvua ya kwanza bati la chumba cha kushonea lilivuja kwenye tundu moja la kishikio, maji yakadondokea gauni la send-off la mteja. Alikuja kesho yake, akafungua, akakuta mpira wa kuzuia maji umekaa upande, akabadilisha na kupaka silikoni. Gauni alilipia kulifua. Lakini tundu la bati ni jambo la kukaguliwa kwa ndoo ya maji siku ile ile, si la kusubiri mvua, na sasa namshauri kila anayemwita amwambie amwage maji kabla hajashuka ngazi.

Katikati ya masika inveta ilianza kulia usiku. Nilimpigia, akaniuliza namba iliyo kwenye kioo, akaniambia hiyo ni betri imeshuka kwa sababu ya mawingu ya siku zilizopita, nizime friji mpaka asubuhi. Ikawa hivyo. Kijitabu cha inveta ni Kiingereza na Kichina, kwa hiyo baadaye aliniandikia kwa mkono maana ya kila namba kwa Kiswahili, karatasi nimeibandika pembeni. Hii ningetaka aifanye siku ya kwanza.

Mtu ataniuliza kuhusu zile sola za kukopeshwa, za kulipia kidogo kidogo kwa simu. Dada yangu aliye Urambo anayo, anaipenda, taa nne na redio na kuchaji simu, na hahitaji fundi wa kumchagua. Usipolipa inajifunga. Kwa friji na cherehani haitoshi, ila kwa mwenye haja ndogo simkatazi hata kidogo.

Kuzisafisha paneli ninafanya mwenyewe, alfajiri kioo kikiwa bado cha baridi, maji na kitambaa laini bila sabuni. Kiangazi chetu kina vumbi jekundu, na nikilisahau naona kwenye namba za inveta saa sita mchana.

Majina ya mafundi sijayaweka, na namba yake siitoi hadharani bila ruhusa yake. Anayetoka Tabora akiniuliza ana kwa ana nitampeleka kwake. Mimi mwenyewe nataka kuongeza cherehani la pili baada ya masoko ya tumbaku, wakati wateja wangu wa Sikonge na Uyui wakiwa na pesa mkononi, na nimeshamwambia aje na daftari apige hesabu upya kabla sijanunua mota.